Ndege Gani Huyu? Jinsi ya Kumjibu Mwenzako Anayeanza

Ndugu zangu wapenda ndege, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze na wale kati yetu ambao wameshazoea kuulizwa. Mnajijua. Mtu amemwona ndege, amempiga picha kwa simu, ndege yuko mbali na nusu ya mwili wake imefichwa na tawi. Anaituma picha kwa wenzake na swali fupi: ndege gani huyu? Ninyi ndio mnaojibu. Hamlipwi, na wengi wenu hamkusomea elimu ya ndege chuoni. Mmejifunza kwa kutazama, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu mnawapenda viumbe hawa. Leo nataka tuzungumzie jibu lenyewe, maana naamini mara nyingi tunalitoa likiwa pungufu, hata pale tunapopatia jina.

Ninachosema ni hiki: anayeuliza anahitaji jina pamoja na sababu ya jina. Ukimtupia jina tupu umemaliza swali la leo. Kesho atakutana na ndege yule yule akiwa ameinama, au amegeuka mgongo, na atauliza tena kama hajawahi kumwona. Lakini ukimweleza umeona nini kwenye picha yake, mahali gani hasa, na kwa nini hicho kinawaondoa wale wengine wanaofanana naye, amepata kitu cha kwenda nacho porini. Na kuna faida nyingine ambayo haisemwi sana. Ukitaja sababu, umewapa wengine nafasi ya kukukagua. Mtu ataangalia pale pale ulipoangalia wewe na kusema, hapana, ule mstari ni kivuli cha jani. Jina tupu halikaguliki. Mtu analiamini au halikubali, basi.

Tuwatazame yangeyange kwa karibu, kwa sababu karibu kila anayeanza hukutana nao mapema. Ndege mweupe, miguu mirefu, kasimama majini au malishoni kando ya ng'ombe. Mwenye haraka atajibu "yangeyange" na kuendelea na shughuli zake. Hajakosea, ila amejibu kwa kiwango cha kundi zima, na aliyeuliza alitaka kujua ni yupi kati yao.

Egretta garzetta, yule mdogo mwembamba, ana mdomo mweusi, miguu myeusi na vidole vya njano. Ni alama nzuri sana, ila vidole vikizama kwenye tope huvioni, na picha nyingi anazopigwa kazama kwenye tope. Yule wa malishoni, Bubulcus ibis kwa jina alilojulikana nalo miaka mingi, ni mfupi, shingo yake nene, mdomo mfupi wa njano, na manyoya ya kidevu yanasogea mbele chini ya mdomo hata kidevu kikaonekana kimevimba. Wakati wa kuzaliana huota manyoya ya rangi ya mchanga au ya machungwa utosini, kifuani na mgongoni. Yangeyange mkubwa, Ardea alba, ana shingo ndefu yenye kona kali, na hapo ndipo wanaoanza hupotea, kwa sababu wamefundishwa kwamba mdomo wake ni wa njano. Kwa sehemu kubwa ya mwaka ni kweli. Msimu wa kuzaliana ukifika, sehemu nyingi za dunia mdomo huo hugeuka mweusi.

Kwa hiyo tuache rangi, tutazame kona ya mdomo. Kwa yangeyange mkubwa, mstari mwembamba unaotoka kwenye kona ya mdomo hupita chini ya jicho na kutokeza nyuma yake. Kwa yule wa kati, ambaye kwa muda mrefu aliitwa Ardea intermedia, mstari huo huishia chini ya jicho. Msimu haubadilishi jambo hili. Picha ya kawaida ya simu, ndege akiwa kageuza ubavu na umbali ukiwa si mkubwa mno, inatosha kuonyesha. Mtu ukimwonyesha mstari huo mara moja tu, hawezi tena kumtazama yangeyange bila kuutafuta.

Jibu lenyewe basi liweje? Mimi ningeandika hivi: "Picha nzuri, ahsante. Mdomo ni wa njano, na ukiikuza utaona mstari wa kona ya mdomo unapita hadi nyuma ya jicho. Shingo pia ni ndefu, ina kona. Kwa hayo naona ni Ardea alba. Kama una picha nyingine yenye miguu, itume tuhakikishe." Sentensi chache, hazichukui dakika mbili kuandika. Kama unaweza, chora mshale kwenye picha yenyewe. Mbinu hii ina historia ya heshima. Zamani wataalamu wengi walishikilia kwamba ndege hatambuliwi kwa uhakika mpaka apigwe risasi na kushikwa mkononi. Mwaka 1934 Mmarekani Roger Tory Peterson alitoa mwongozo wenye michoro ya ndege na vimstari vinavyoelekeza jicho kwenye zile alama chache zinazomtenga mmoja na mwenzake. Watu wa kawaida wenye darubini wakagundua kwamba nao wanaweza. Unapomchorea mwenzako mshale kwenye picha yake mwenyewe, unafanya kazi ile ile, tena juu ya ndege aliyemwona kwa macho yake.

Nimetaja picha nyingine. Hili nalisisitiza, kwa sababu watu wana desturi ya kututumia picha moja waliyoiona nzuri, wameikata, wameipandisha mwanga na kuikoleza rangi. Ile waliyoifuta au kuiacha kwenye simu, yenye ukungu, ndege anaondoka zake, ndiyo inayoonyesha kiuno cheupe au mkia uliogawanyika. Waombe zote. Waombe na ile isiyokatwa, maana majani, maji na nguzo zilizo kando hukupa kipimo cha ukubwa. Bila kitu cha kulinganisha, ukubwa hauaminiki hata kidogo. Tumeshasoma "ndege mkubwa sana" akatokea njiwa, na aliyeandika hakusema uongo. Ndege aliyekaa peke yake juu ya mti mkavu, anga nyeupe nyuma yake, huonekana mkubwa kwa kila mtu.

Maswali mengine ya kuuliza mnayafahamu: ulimwona eneo gani, mwezi gani, palikuwa msituni, kwenye mwanzi au pwani, alikuwa akifanya nini, ulisikia sauti? La mwisho huwa halijibiwi mpaka liulizwe. Mtu hudhani kwa kuwa ametuma picha, mengine hayana kazi. Kumbe ndege anayetikisa mkia bila kupumzika, anayepanda shina la mti kwa kujisukuma na mkia, anayerudi kwenye tawi lile lile baada ya kila mdudu, ameshajitaja nusu kabla rangi haijaangaliwa.

Kuhusu rangi, niseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndiyo inayowapotosha wengi na ndiyo kitu cha kwanza wanachokiandika. Rangi za ndege si zote zinatoka kwenye rangi halisi ndani ya unyoya. Buluu nyingi, na ule mng'ao wa zumaridi kwenye koo la chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, au mgongo wa kwenzi, zinatokana na umbo dogo la unyoya linalovunja mwanga. Mwanga ukija upande usiofaa, chozi huyo huyo ni mweusi tii. Kwa hiyo mtu akikuandikia "ndege mweusi mdogo, mdomo umepinda", usimbishie kwamba hakuna ndege wa namna hiyo kwenye kitabu. Mwulize jua lilikuwa upande gani. Kuna na ndege wanaokula kwenye maua ambao paji la uso hupakwa chavua mpaka likawa la njano, na mtu akadhani amegundua spishi mpya. Kuna wale waliozaliwa na mabaka meupe kwa sababu baadhi ya manyoya hayakupata rangi. Kunguru mwenye bawa jeupe au shomoro mwenye kichwa cheupe huleta msisimko mkubwa. Hao wapokeeni kwa furaha, kisha mrudisheni mwulizaji kwenye umbo: mdomo, miguu, urefu wa mkia, namna anavyosimama. Umbo hudumu pale rangi inapodanganya.

Umri na msimu ni mlima mwingine. Tai mwenye kichwa cheupe wa Amerika Kaskazini, Haliaeetus leucocephalus, huchukua karibu miaka 5 kupata kichwa hicho. Katika miaka yote hiyo ni ndege wa kahawia mwenye madoa meupe yasiyo na mpangilio, na watu humwita tai mwingine kabisa. Membe wakubwa, wale ndege wa baharini, nao huvaa kahawia ya utotoni na kuivua kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Kweche dume, yule anayewaka rangi nyekundu au njano wakati wa kutafuta jike, msimu ukiisha anarudi kuwa ndege mdogo wa kahawia mwenye michirizi asiyetofautiana sana na jike. Bata dume wa spishi nyingi baada ya kuzaliana hupoteza manyoya yao ya kupendeza na kufanana na majike kwa wiki kadhaa. Ukijibu, taja umri au jinsia kama unaiona, na useme umeijuaje. Anayeanza hajui kwamba kitabu chake kimemwonyesha dume mkubwa katika mwezi wake bora, na kwamba wengi atakaowakuta nje hawako hivyo.

Tuje kwa wanaoruka. Picha ya kivuli kidogo angani, mkia umegawanyika, mbawa ndefu: mbayuwayu au teleka? Wanafanana kwa sababu wanafanya kazi moja, kukamata wadudu hewani, lakini ukoo wao ni mbali sana. Mbayuwayu ni wa jamii kubwa ya ndege waimbaji. Teleka wako karibu zaidi na wale ndege wadogo wa Amerika wanaosimama hewani mbele ya ua. Mabawa ya teleka ni membamba, yamepinda mfululizo kutoka mwilini hadi ncha, na kiwiko hakionekani. Bawa la mbayuwayu lina pembe. Na kama kuna picha inayomwonyesha ametua kwenye waya, hapo hakuna mjadala, huyo si teleka. Miguu ya teleka ni mifupi, kucha zake ni za kung'ang'ania ukuta au jabali. Apus apus, mmoja wa teleka hao, anaishi hewani kwa kiwango cha kushangaza: watafiti wa Sweden walichapisha mwaka 2016 kwamba baadhi ya ndege waliowafungia vipima mwendo walikaa angani miezi 10 bila kutua. Mweleze mwulizaji jambo kama hilo. Ndilo linaloshika akilini, na huifanya alama ya bawa iwe na maana badala ya kuwa kitu cha kukariri.

Mwewe, Milvus migrans, hutambulika kwa mkia wenye mgawanyiko. Watu wamelishika hilo vizuri mno. Akiutandaza mkia ili akate kona, mgawanyiko unapotea na mkia unakuwa kama umekatwa wima, na hapo picha inatumwa kwa jina la tai fulani adimu. Alama moja haitoshi. Tafuta mbili, tatu, na kama mojawapo inapingana na jina ulilolifikiria, simama hapo kwanza kabla ya kuandika.

Kuna ndege ambao macho hayawamalizi. Katika karne ya 18, kasisi mmoja wa kijijini Uingereza, Gilbert White, alisikiliza ndege wadogo wa rangi ya kijani na njano ambao watu waliwachukulia kuwa wa aina moja. Kwa kuwasikiliza nyimbo akatambua kwamba ni spishi tatu, hao tunaowaita leo Phylloscopus collybita, Phylloscopus trochilus na Phylloscopus sibilatrix. Hakuwa profesa. Alikuwa mtu wa masikio mazuri aliyeandika alichokisikia. Hata leo wawili wa kwanza ukipewa picha tu ni kazi ngumu. Trochilus kwa kawaida ana miguu ya rangi iliyopauka na ncha ya bawa ndefu zaidi, kwa sababu yeye husafiri kutoka Ulaya na Asia hadi kusini ya Sahara, wakati collybita wengi wao huishia karibu na Bahari ya Mediterania. Lakini akifungua mdomo na kuimba, mjadala umekwisha. Afrika tuna ndege wa jenasi Cisticola (jenasi ni kundi la spishi za ukoo wa karibu), spishi nyingi, wadogo, kahawia yenye michirizi, na huwezi kuwatenganisha wengi wao bila sauti na makazi. Mtu akituma picha ya mmoja wao akiwa amekaa kwenye jani la nyasi, jambo la maana zaidi unaloweza kumwambia ni: ukirudi pale, washa kinasa sauti cha simu. Hata sekunde chache zenye upepo ndani zinafaa. Tangu 2005 mkusanyo wa Xeno-canto umekuwa ukipokea sauti za ndege kutoka kwa watu wa kila aina duniani, na mtu anaweza kulinganisha yake na za wengine bure.

Sasa programu za kutambua ndege. Merlin ya maabara ya ndege ya chuo kikuu cha Cornell ilitoka 2014, na mwaka 2021 ikaongezewa uwezo wa kusikiliza. Inageuza sauti kuwa mchoro na kuusoma mchoro huo. Ni chombo kizuri na nawashauri wanaoanza waitumie. Lakini siku hizi maswali mengi tunayoletewa yanakuja na jina tayari: programu imesema ni fulani, je ni kweli? Msaada wetu hapo ni uleule, kumwuliza mwenzetu ameona nini yeye mwenyewe. Programu inatoa pendekezo. Ushahidi ni ndege. Fikirieni mlamba, Dicrurus adsimilis, ambaye huiga kilio cha hatari cha ndege na wanyama wengine ili wakimbie waache chakula akichukue. Programu itasikia ndege ambaye hayupo, na itamtaja kwa usahihi wa sauti. Kwenzi wa Ulaya naye ni mwigaji hodari. Kama mtu hakumwona ndege aliyetajwa, na eneo hilo si lake, jina hilo libaki kama fununu.

Hapo hapo niseme juu ya kukubaliana. Kumbukumbu zetu hazibaki kwenye simu zetu. eBird, hazina ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege iliyoanza 2002, hutumiwa na watafiti kuchora ramani za ndege na safari zao, na kumbukumbu ya ndege asiyetarajiwa mahali fulani husimamishwa mpaka mhakiki aombe maelezo. Kwenye iNaturalist, mtandao ambao watu huweka picha za viumbe na kusaidiana kuvitambua, kumbukumbu ya ndege hupanda daraja la kutumika kwenye utafiti pale wanaomtambua wanapokuwa angalau wawili na zaidi ya theluthi mbili yao wakakubaliana, kisha kumbukumbu inaweza kwenda kwenye GBIF, hazina ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe. Tazameni uzito wake. Watu wawili wanatosha. Wa kwanza akikosea, na wa pili akabonyeza kukubali kwa kuwa tu anamheshimu wa kwanza, kosa limepita. Ndugu zangu, kama wewe mwenyewe huoni alama, usikubali. Kunyamaza hapo ni msaada mkubwa kuliko kuunga mkono.

Na kuna kusimama kwenye jenasi. Naona baadhi yetu tunaona aibu kuandika "Cisticola, spishi haijulikani kwa picha hii", kana kwamba tumeshindwa. Hilo ni jibu kamili. Picha ina kikomo chake na mtaalamu wa kweli anakijua. Ukisema, "Ni kitwitwi, wale ndege wa ufukweni, kwa mdomo na miguu, lakini kwa umbali huu siwezi kwenda mbele zaidi, ningehitaji kuona rangi ya miguu na kama mdomo umepinda kidogo nchani", umemfundisha mwenzako kutazama nini safari ijayo. Akiambiwa jina la kubahatisha, atalibeba miaka mingi, na siku atakapomwona ndege halisi wa jina hilo hatamtambua.

Mipaka ya ramani tuitumie kwa busara. Anza na wanaopatikana pale, kwa mwezi ule. Mara nyingi sana jibu limo humo. Hata hivyo ramani haimfungi ndege. Yangeyange wa malishoni alivuka Atlantiki kutoka Afrika, akaonekana Amerika ya Kusini mwishoni mwa karne ya 19, na katikati ya karne ya 20 alikuwa anazaliana Florida. Mtu wa kwanza aliyemwona upande ule angekuwa amekosea kwa mujibu wa kila ramani ya wakati wake. Kwa hiyo mtu akidai ndege adimu, usimcheke na usimkubalie papo kwa papo. Mwombe picha zote, mwombe aandike alichokiona kabla hajasoma kitabu, mwonyeshe yule wa kawaida anayefanana naye zaidi na mzungumze tofauti moja baada ya nyingine. Akiwa ni wa kawaida, amejifunza. Akiwa ni adimu kweli, tuna kumbukumbu iliyokamilika. Wakumbuke pia wale wa kufugwa waliotoroka. Kasuku asiye wa bara lile juu ya mti wa mjini mara nyingi alitoka kwenye kizimba cha mtu.

Majina ya kisayansi muyaandike kila mara kando ya jina la kawaida, kwa sababu mbayuwayu au kitwitwi kwetu ni jamii nzima. Ila mjue nayo yanabadilika. Mwaka 2023 orodha ya Clements, yaani orodha ya spishi za ndege duniani ambayo eBird inaifuata, ilimgawa huyo yangeyange wa malishoni kuwa spishi mbili, wa magharibi na wa mashariki. Mwenzako akitumia jina la zamani, mweleze mabadiliko kwa upole. Yeye anasoma kitabu alicho nacho.

Upole huo ndio ulionileta hapa zaidi ya alama na mistari. Kuuliza si ujinga, tunasema hivyo tangu utotoni, lakini mtu akiuliza juu ya shomoro jike tunamjibu kwa neno moja kama tunayemfukuza. Yule mtu huenda ndiyo mara ya kwanza maishani kumtazama shomoro. Ameona mstari mpauko nyuma ya jicho na mdomo mnene wa mbegu, na amejiuliza. Hilo ndilo tunalolitaka litokee kwa watu wengi iwezekanavyo. Mpe jibu zuri kama ungemjibu aliyeleta tai adimu. Na mkitofautiana ninyi kwa ninyi mbele ya anayeanza, zungumzeni juu ya ndege, acheni kutajiana miaka ya uzoefu. Mwonyeshe mwenzako unyoya. Ukishawishika, badilisha jibu lako waziwazi, ili mgeni aone kwamba hivi ndivyo kazi inavyofanyika.

Mambo mawili ya kulinda ndege wenyewe, kwa sababu anayejibu ndiye mara nyingi wa kwanza kujua. La kwanza ni mahali. Kiota cha tai, bundi anayelala mti ule ule kila siku, kasuku wanaotafutwa na wanaowauza: mwombe mtuma picha aondoe jina la mahali mara moja, kisha ndipo muendelee na utambuzi. Picha ya ndege aliyeatamia ikiwa imepigwa karibu sana, mwambie arudi nyuma. Mzazi akikaa mbali na kiota mayai hupoa au jua huyaunguza. Vivyo hivyo kwa wanaomchezea ndege sauti ya mwenzake kwa simu mara nyingi ili ajitokeze. Anaacha kula na kulisha ili afukuze adui ambaye hayupo.

La pili ni makinda. Kila msimu wa kuzaliana huja picha ya kiumbe mwenye manyoya yaliyovurugika, mkia mfupi, kona za mdomo za njano, ndani ya boksi. "Nimemwokoa, ndege gani huyu na nimlishe nini?" Hapa jina lisubiri. Kinda aliyeota manyoya na anayerukaruka chini kwa kawaida hajapotea. Ametoka kiotani kwa wakati wake na wazazi wako karibu wanamlisha. Arudishwe alipookotwa, kwenye kichaka au tawi la karibu ili paka na mbwa wasimfikie, na mtu aondoke kabisa, maana wazazi hawatakuja akiwa amesimama pale. Akiwa hana manyoya na kiota kinaonekana, arudishwe kiotani. Ile imani kwamba mama atamkataa kwa sababu ya harufu ya mkono wa mtu si kweli, mwambieni bila kumwaibisha, kwa sababu wengi wamelelewa nayo na walichukua boksi kwa nia njema. Akiwa amejeruhiwa, hapo atafutwe daktari wa wanyama au wanaohudumia wanyamapori katika eneo lake.

Nimesema mengi na muda unakwenda. Mlituma picha kabla ya leo, na nimechagua chache zilizo ngumu, zikiwemo za vitwitwi watatu ufukweni jioni, jua likiwa nyuma yao. Tutazipitia pamoja hapa ukutani. Naomba utaratibu mmoja: asitaje mtu jina kwanza. Tuzunguke, kila mmoja aseme kitu kimoja anachokiona, akionyeshe kwa kidole, na jirani yake aseme kama naye anakiona. Aliyekaa pale mwisho karibu na dirisha, tuanze na wewe.